Mtibwa Sugar: umaskini au mazoea?

Tarehe 13 Mei 2024 Yanga ilijihakikishia ubingwa wake wa 30 wa Tanzania Bara, wa tatu mfululizo, kwa kuifunga Mtibwa Sugar mabao 3-1 katika uwanja wa Manungu, Turiani, mkoani Morogoro. Macho yote yalikuwa kwa wageni siku ile, na si ajabu, kwa kuwa bingwa hupatikana mara moja kwa mwaka. Wenyeji walibaki na hesabu zao za mkiani, na msimu ulipofungwa walikuwa wameshuka daraja pamoja na Geita Gold.

Timu hushuka kila mwaka katika ligi yetu na mara nyingi hakuna anayekosa usingizi. Mtibwa haikuwa timu ya namna hiyo. Wakata Miwa hawa walikuwa Ligi Kuu tangu katikati ya miaka ya 1990, wakatwaa ubingwa mwaka 1999 na kuurudia mwaka 2000, na tangu wakati huo ni Azam pekee, msimu wa 2013/14, iliyowahi kuuchukua ubingwa huo nje ya Simba na Yanga. Timu ya kiwanda cha sukari, yenye makao katikati ya mashamba ya miwa wilayani Mvomero, ilifanya mara mbili mfululizo jambo ambalo klabu za miji mikubwa kama Mwanza, Arusha na Mbeya hazijalifanya katika kipindi chote hicho. Kwa hiyo swali la nini kiliishusha lina uzito kuliko kujua kocha yupi alikuwa kwenye benchi mwezi gani.

Majibu yaliyotolewa na wapenzi wa soka yanaangukia katika kambi mbili. Kambi ya kwanza inasema kwamba Mtibwa ilionewa na zama. Ligi ya mwaka 2000 iliweza kutwaliwa na vijana wa Kitanzania waliokaa pamoja muda mrefu, wakalishwa vizuri na kulipwa kwa wakati, ilhali ligi ya leo inaruhusu klabu kusajili wageni 12, na klabu mbili tatu zenye wafadhili matajiri zina uwezo wa kuwaleta wachezaji wa kimataifa kutoka Burkina Faso, Kongo, Zambia na Ivory Coast. Mkataba wa haki za matangazo wa Azam Media uliotiwa saini mwaka 2021, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10, umeinua kipato cha kila timu, lakini pia umeinua bei ya kila kitu: mishahara, ada za usajili, hoteli, makocha wa kigeni. Msimu ule wa 2023/24 Yanga ilimaliza na pointi 80, na Azam iliyoshika nafasi ya pili ilikuwa na 69, sawa na Simba. Pengo la pointi 11 kati ya bingwa na anayemfuata, tena anayemfuata akiwa ni Azam mwenye uwanja wake na akademi yake, linatosha kuonyesha ni mlima wa aina gani timu ya kiwanda ilitakiwa kuupanda.

Hoja hii ina ukweli, lakini ukiisukuma kidogo inaanza kuyumba. Mtibwa haikushuka kwa sababu ilishindwa kuifikia Yanga. Hakuna timu inayoshuka kwa kufungwa na bingwa. Timu hushuka kwa kupoteza mbele ya wenzake wa tabaka lake. Katika mbio za kukwepa mkia, wapinzani wake walikuwa timu kama Tanzania Prisons, Mashujaa, JKT Tanzania na Namungo, ambazo hakuna hata moja inayoweza kuitwa tajiri. Prisons, kwa mfano, ni timu ya Jeshi la Magereza inayotoka Mbeya, isiyo na historia ya kumwaga fedha sokoni, na bado ilibaki. Kama umaskini ungekuwa ndio sababu pekee, basi ungekuwa umechagua mtu mmoja katika nyumba yenye maskini wengi.

Kambi ya pili ndiyo inayonivutia zaidi, ingawa nayo ina wepesi wake. Inasema kwamba Mtibwa ilijishusha yenyewe, kidogo kidogo, kwa kuuza na kutojenga upya. Ushahidi wake ni rahisi kuukusanya. Mwaka 2016, katika dirisha moja la usajili, Simba iliwachukua Shiza Kichuya, Mzamiru Yassin na Mohamed Ibrahim. Anayekumbuka mechi ya watani Simba na Yanga tarehe 1 Oktoba mwaka huo anakumbuka kona ya Kichuya iliyopinda na kuingia moja kwa moja langoni mwa Yanga, dakika chache kabla ya filimbi ya mwisho, na kufanya matokeo kuwa 1-1. Guu lile la kushoto lilinolewa Manungu. Mwaka 2020 Kibwana Shomari alikwenda Yanga, na katika dirisha dogo la Januari 2021 akafuatwa na Dickson Job, beki wa kati asiye na kimo kikubwa lakini mwenye macho ya kuusoma mpira kabla haujafika, aliyekuwa nahodha wa Serengeti Boys, timu ya taifa ya vijana wa chini ya miaka 17, katika fainali za Afrika za vijana nchini Gabon mwaka 2017.

Tazama kilichofuata. Msimu huohuo wa 2020/21, uliomwona Job akiondoka katikati yake, Mtibwa ililazimika kwenda kwenye mechi za mchujo, zinazoamua nani abaki Ligi Kuu, na kuokoka mbele ya Transit Camp. Ni kweli kwamba mwaka ule ulikuwa mgumu kuliko kawaida, kwa sababu ligi ilikuwa inapunguzwa kutoka timu 18 hadi 16 na timu nne zilishuka moja kwa moja, kwa hiyo nafasi ambayo mwaka mwingine ingekuwa salama iligeuka kuwa ya hatari. Mwenye kuitetea Mtibwa ana haki ya kulitaja hilo. Lakini msimu uliofuata, ligi ikiwa imekwisha kutulia katika timu 16, Mtibwa ilirudi tena kwenye mchujo, safari hii dhidi ya Prisons, na ikaokoka tena. Aliyeponea chupuchupu mara mbili mfululizo huwa na njia mbili: kutetemeka na kubadilika, au kuamini kwamba kuponea chupuchupu ni ujuzi wake. Naona Mtibwa ilichagua njia ya pili, ndiyo maana kwenye kichwa cha makala haya nimetumia neno mazoea. Kila mwaka walikuwa wakibaki, mpaka kubaki kukaonekana ni haki ya kuzaliwa.

Hapa ndipo lazima niwape upande wa kwanza haki yao tena, maana wakosoaji wa Mtibwa huzungumza kana kwamba kuuza wachezaji ni kosa. Si kosa. Klabu yenye uwanja mdogo, mashabiki wachache na mapato kiduchu ya mlangoni haina njia nyingine ya heshima ya kuishi zaidi ya kulea vipaji na kuviuza. Tena katika kulea, Mtibwa haina wa kumwonea aibu: timu yake ya vijana wa chini ya umri wa miaka 20 imetwaa ubingwa wa taifa zaidi ya mara moja, mbele ya akademi zenye vifaa bora zaidi. Kijana anayetoka Manungu kwenda Dar es Salaam kulipwa mara kadhaa ya mshahara wake hawezi kuzuiwa kwa hotuba. Na kwa desturi ya soka letu, ambako mikataba ya mwaka mmoja au miwili ni ya kawaida, klabu ndogo mara nyingi hufika mezani ikiwa imebakiwa na miezi michache ya kudai chochote.

Ila desturi hiyo nayo ni uamuzi wa mtu. Klabu inayojiita kiwanda cha vipaji inatakiwa kuwa na biashara ya vipaji: mikataba mirefu kwa wale wanaochipukia, kipengele cha asilimia ya mauzo ya baadaye, na mrithi aliyekwisha kuandaliwa kabla mwenye nafasi hajaondoka. Kiwanda cha sukari chenyewe kisingekubali kutoa miwa yake nje ya lango bila kupita kwenye mizani. Kwenye soka, mizani ile haikuonekana. Ukiwatazama waliovaa jezi ya Mtibwa katika miaka mitatu iliyotangulia kushuka, ni vigumu kuonyesha kwa kidole ni nani aliyenunuliwa kwa fedha za Job au za Kibwana na akaziba pengo lao. Vijana walipandishwa, wakacheza, wakafungwa, na wakiiva wakachukuliwa. Timu ya vijana iliyo bora na timu ya wakubwa iliyo mkiani zikikaa chini ya paa moja, kilichopungua hapo katikati ni uzoefu, na uzoefu hununuliwa.

Wapo wanaojibu kwamba kununua ndiko kunakoua. Mfano wao ni mzuri kiasi kwamba unanipa tabu. Tarehe 2 Juni 2018, katika uwanja wa Sheikh Amri Abeid jijini Arusha, Mtibwa ilitwaa Kombe la Shirikisho kwa kuifunga Singida United mabao 3-2. Singida United (isichanganywe na Singida Black Stars ya leo, ambayo ni klabu nyingine kabisa) ilikuwa kinyume cha Mtibwa kwa kila kipimo: ilipanda Ligi Kuu mwaka 2017 kwa vishindo, ikamchukua kocha Hans van der Pluijm aliyekuwa Yanga, ikaleta wachezaji kutoka Zimbabwe na kwingineko, ikawa gumzo la mjini. Miaka miwili tu baada ya fainali ile, mwaka 2020, ilishuka daraja. Geita Gold, iliyoshuka na Mtibwa, nayo ina kisa kinachofanana: msimu wa 2021/22 ilishika nafasi ya nne, mshambuliaji wake George Mpole akawa mfungaji bora kwa mabao 17, moja zaidi ya Fiston Mayele wa Yanga, ikaenda kucheza Kombe la Shirikisho Afrika, na miaka miwili baadaye haikuwepo Ligi Kuu.

Kwa hiyo wote wawili waliokutana fainali Arusha wamekwisha kushuka, mmoja akiwa ametumia haraka na mwingine akiwa amebana. Ni kishawishi kusema basi matumizi si hoja. Mimi nasoma tofauti: Singida United iliporomoka ndani ya misimu mitatu, ilhali Mtibwa ilichukua takriban miongo mitatu kufika palepale. Ubanaji ule uliotokana na kuwa mali ya kiwanda, wenye mshahara wa uhakika na bila madeni ya kutangazwa redioni, uliipa klabu maisha marefu. Ulichoshindwa kuipa ni uwezo wa kuruka pale ligi ilipoanza kukimbia. Hata kombe lile la 2018 lilikuja na dokezo: kabla ya kurejea mashindano ya Afrika, Mtibwa ilibidi kwanza imalize deni la faini ya CAF (Shirikisho la Soka Afrika) ya miaka mingi nyuma, iliyotokana na kutosafiri kwenda Afrika Kusini kucheza na Santos. Iliporudi, iliitoa Northern Dynamo ya Shelisheli na kutolewa na KCCA ya Uganda.

Suala la uwanja nalo linatajwa, na nitalipita haraka. Manungu palikuwa ngome. Simba, ikiwa bingwa mtetezi, ilitoka pale na sare ya 0-0 Januari 2022. Lakini kuna misimu Mtibwa ilihama na kucheza nyumbani kwake katika uwanja wa Jamhuri mjini Morogoro na hata Gairo, kwa sababu uwanja wake haukukidhi masharti. Kulaumu masharti ya Bodi ya Ligi ni rahisi, ila nyasi na vyumba vya kubadilishia nguo ni gharama ambayo mmiliki wa mashamba makubwa ya miwa angeimudu.

Je, kushuka kuliidhuru? Kwa timu nyingi, jibu ni ndiyo bila mjadala. Toto African, Stand United na Mbao zilishuka na hazijaonekana tena. Pamba ilichukua miaka 23 kurudi. Huko chini safari ni zilezile ndefu, fedha za matangazo ni chache, na mchezaji mzuri haoni sababu ya kusubiri. Hapa ule utulivu wa timu ya kiwanda, nilioulaumu hapo juu, ulifanya kazi yake: mishahara haikukatika, vijana hawakutawanyika, na chini ya Awadh Juma, mchezaji wake wa zamani, Mtibwa ilitwaa ubingwa wa Championship, ligi ya daraja la chini ya Ligi Kuu, msimu wa 2024/25 na kurudi Ligi Kuu kwa jaribio la kwanza, pamoja na Mbeya City. Wanaosema klabu ile haikuhitaji mapinduzi wana hoja nzito katika matokeo hayo, nami siwezi kuyafuta kwa maneno.

Ila msimu huohuo Mtibwa inapanda, Kagera Sugar, timu ndugu inayotoka kiwanda kingine cha sukari cha mmiliki yuleyule, ilishuka daraja pamoja na KenGold baada ya takriban miaka 20 ya kubaki, nayo ikiwa imekwisha kuzoea kuponea.