Spika Ndogo Ichaguliwe Pamoja na Ukuta Wake

Wengi wanaotafuta spika ndogo kwa ajili ya chumba chenye nafasi finyu huanza kwa kusoma idadi ya wati, wakaja kwenye umbo na rangi, na fedha zikishatoka mfukoni ndipo hujiuliza spika zenyewe zitakaa wapi. Kwa maoni yangu utaratibu huo ungepaswa kuanzia mwisho wake. Spika inapotundikwa ukutani, ukuta nao huwa sehemu ya chombo, na spika inayosifiwa ikiwa juu ya stendi katikati ya ukumbi mpana inaweza kuvuma na kukera pindi inapobanwa kwenye ukuta wa chumba cha kulala.

Sauti nzito, yaani besi, husambaa pande zote za spika, hata nyuma yake, ilhali sauti nyembamba huelekea mbele. Spika ikiwa mbali na kuta, sehemu kubwa ya besi humkwepa msikilizaji, na wabunifu wa spika za kusimama peke yake hulizingatia hilo kwa kupunguza sauti za kati na za juu ili uwiano upatikane. Spika ya namna hiyo ikiegemezwa ukutani, besi iliyokuwa ikipotea hurudishwa mbele, ongezeko ambalo kinadharia hufikia desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na kwenye kona huzidi hapo. Ndipo msomaji wa habari anapoanza kusikika kana kwamba anasomea ndani ya pipa, na mwenye spika akadhani ameuziwa kitu kibovu.

Hata hivyo, ukuta una fadhila ambayo wauzaji huitaja kwa nadra. Spika iliyosogezwa mbele kidogo tu hupata taabu nyingine: wimbi lililogonga ukuta hurudi likiwa kinyume na lile linaloelekea kwa msikilizaji, na katika masafa fulani, yaani kasi fulani ya mitetemo ya sauti, mawimbi hayo mawili hufutana. Uso wa spika ukiwa sentimita 50 kutoka ukutani, pengo hilo hutokea karibu na hezi 170, yaani mitetemo 170 kwa sekunde, penye mwili wa sauti ya mwanamume na wa nyuzi nene za gitaa. Spika bapa ambayo uso wake uko sentimita 10 tu kutoka ukutani hulisukuma pengo hilo hadi karibu na hezi 860, na huko spika huwa imekwisha kuanza kuelekeza sauti mbele, kwa hiyo kinachorudi kutoka ukutani ni hafifu na pengo halina kina. Ndiyo maana siupendi ushauri wa jumla kwamba spika isogezwe mbele “kidogo”. Katika chumba kidogo ni afadhali iuguse ukuta kabisa, mradi iwe imebuniwa kwa kazi hiyo.

Iliyobuniwa hivyo huwaje? Mimi hupendelea boksi lililofungwa pande zote, lisilo na tundu la kupitishia hewa. Mtindo huo si mgeni. Mvumbuzi Mmarekani Edgar Villchur aliupatia umaarufu mwaka 1954 kwa spika ya AR-1, alipoonyesha kwamba hewa iliyofungiwa ndani inaweza kufanya kazi ya springi ya koni, ile sehemu inayotetema na kutoa sauti, na hivyo boksi likapungua ukubwa bila besi kutoweka. Besi ya boksi lililofungwa hushuka taratibu, takriban desibeli 12 kwa kila oktava, yaani kila masafa yanapopungua kwa nusu, wakati ile ya boksi lenye tundu hudumu kwa muda kisha huporomoka kwa desibeli 24. Mteremko huo wa taratibu ndio unaokubaliana na nyongeza inayoletwa na ukuta. Tundu likiwa mbele linavumilika. Likiwa nyuma, na nyuma kukawa na saruji, sioni sababu ya kuendelea kuifikiria spika hiyo.

Pia inafaa kukubali mapema kile ambacho boksi dogo haliwezi. Kuna kanuni inayohusishwa na Josef Anton Hofmann, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya spika ya KLH, kwamba boksi dogo, besi ya kina, na sauti kubwa kwa umeme kidogo ni mambo matatu ambayo mbunifu huruhusiwa kuchagua mawili tu. Kushuka oktava moja kwa ukubwa uleule wa sauti huidai koni isafiri mara nne ya umbali wa awali. Kwa hiyo nikisoma kwamba kijisanduku cha lita tatu kinafika hezi 40, bila kuelezwa sauti huwa imepungua kwa desibeli ngapi ifikapo huko, naichukulia takwimu hiyo kama pambo la karatasi. Spika ya LS3/5A, iliyobuniwa na BBC katika miaka ya 1970 kwa ajili ya magari ya matangazo ya nje, ilikuwa na urefu wa sentimita 30 hivi na haikujifanya kubwa. Sifa yake ilikuwa uhalisi wa sauti ya binadamu, na bado ina wapenzi.

Aliyezoea besi nzito aongeze sabufa, yaani spika ya besi pekee, ikabidhiwe kila kilicho chini ya hezi 80, ambako sikio hupata shida kutambua sauti inatoka upande gani. Koni ndogo zikipunguziwa mzigo huo, hata sauti za kati hutakata.

Kuhusu wati sina mengi. Ulizia unyeti wa spika, yaani ukubwa wa sauti inayotoa kwa kiasi fulani cha umeme, kwa kuwa yenye desibeli 82 huhitaji nguvu mara nne ya yenye desibeli 88 ili zilingane, ingawa kwa anayeketi mita mbili tu kutoka kwenye spika wati chache hutosha kwa usikilizaji wa kawaida. Spika zenye amplifaya ndani ni nzuri mezani, na nyingi zina swichi ya kupunguza besi zikiwa karibu na ukuta. Lakini ukutani kila moja hudai waya wake wa umeme, usumbufu ambao binafsi siutaki.

Kabla ya kutoboa ukuta, spika iwekwe juu ya kabati au ngazi, mgongo ukiugusa ukuta, twita (kile kipaza sauti kidogo cha sauti nyembamba) ikiwa karibu na usawa wa masikio ya aliyeketi au ikiwa imeinamishwa kumwelekea, kisha isikilizwe kwa sauti ya mtu anayezungumza bila muziki. Ikisikika nzito kupita kiasi na ina tundu mbele, kipande cha sponji kilichopachikwa tunduni kwa kawaida huituliza, na gharama yake haifiki hata ile ya breketi.