Ratiba ya kocha na lile tumbo langu Lushoto

Jamani mbio za milimani zisikieni tu. Mtu akikwambia altra, yaani mbio ndefu kupita marathoni, ni miguu mwambie akatafute maji ya kunywa, altra ni tumbo, miguu inabebwa tu.

Mimi nina kocha wangu, mtu wa mahesabu huyo, haongei bila gramu. Nilivyomwambia nimejiandikisha kilomita 50 na ushee kule Usambara, Lushoto, wala hakuniuliza mazoezi, aliniuliza utakula nini. Nikasema si ndizi na soda kocha, akanyamaza kwenye simu mpaka nikadhani salio limeisha. Kesho yake kanipa karatasi mbili za A4 zimejaa majedwali pande zote, kila nusu saa jeli moja, kila jeli moja ina wanga gramu kama 30, lengo gramu 60 kwa saa, maji mafunda kadhaa, kidonge cha chumvi, halafu pembeni kuna kisanduku kimeandikwa TUMBO LINASEMAJE nijaze kwa penseli nikiwa nakimbia. Na kikalamu cha risasi kifupi alinipa. Alitaka hadi azilamineti zile karatasi zisilowe jasho, nikamwambia kocha usijisumbue mi nitazikunja tu niweke mfukoni. Mungu ni mwema sana aisee, mtaelewa mbele kwa nini.

Jeli zenyewe alizileta jamaa yake kutoka Ulaya, zingine zina kafeini, zingine ladha ya sijui karameli na chumvi. Kwa asiyejua, jeli ni kama gundi ya fundi viatu iliyotiwa sukari, unachana pakiti kwa meno unaikamulia mdomoni.

Tulianza bado giza, baridi la Lushoto mnalijua, ukungu mpaka huoni kidole chako. Tukapandisha kuelekea msitu wa Magamba, kila mtu anahema na hakuna anayeongea. Nusu saa ya kwanza nikakamua jeli, nikajaza kisanduku: SAFI. Saa moja nikakamua nyingine: SAFI. Nikaanza kumwona kocha ni genius. Ya tatu naikamua kwenye kona ya kijiji, kuna mzee kakaa nje na blanketi lake, akaniangalia mpaka nikamaliza kufyonza pakiti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kijana, viroba si serikali ilipiga marufuku?"

Nikataka kusimama nimweleze, lakini utaanzia wapi, viroba, vile vipakiti vya pombe kali, vimepigwa marufuku 2017 na hapa mtu anakuona alfajiri umevaa bukta unanyonya kipakiti huku macho yamekutoka. Nikasema ni dawa mzee. Akatikisa kichwa. "Wote husema hivyo."

Basi bwana tukaingia msituni. Jua lilikuwa limeshapanda, mimi nipo kwenye jeli sijui ya ngapi, ya kafeini hiyo, na maji yameniishia kwenye vichupa, meza ya maji iko mbele huko. Sasa sayansi yake iko hivi, nimekuja kuisoma baadaye: ukikimbia kwa muda mrefu damu yote inakimbilia miguuni, tumbo linabaki na kadamu kadogo tu ka kulindia ofisi. Wewe huku unalimwagia sukari nzito bila maji ya kutosha, ile sukari inakaa pale, inavuta maji kutoka mwilini kuyaingiza kwenye utumbo, na maji yakishaingia kwenye utumbo yanatafuta mlango. Kafeini nayo inashika kengele.

Ilianza na ngurumo. Dada mmoja aliyekuwa mbele yangu akageuka akaangalia juu mbinguni, nahisi alidhani mvua. Nikapunguza mwendo, nikatembea, nikatembea kwa kubana, nikasimama kabisa nimeshika mti. Pale kwenye TUMBO LINASEMAJE sikujaza kitu maana lilikuwa linasema lenyewe na kila mtu anasikia.

Nikachepuka. Nikapata kichaka kizuri, kirefu kiasi, tatizo kilikuwa kinafika mabegani tu. Kwa hiyo wakimbiaji wanapita njiani wanaona kichwa changu kimechomoza kwenye majani, uso umekunjamana, wanadhani nimekata tamaa. "Kaza kaka! Usikate tamaa! Unaweza!" Nawajibu asanteni, nakaza. Mmoja akasimama kabisa anataka kuja kunisaidia, nikamwambia kwa upole ndugu yangu endelea, hili ni la mtu mmoja.

Kuinua macho juu, mbega. Si mmoja, familia nzima, na mikia yao yenye ncha nyeupe inaning'inia, wametulia wananitazama. Mama na mtoto. Nikawageuzia mgongo, nikaona huo ndo uamuzi mbaya zaidi, nikarudi.

Sasa ukafika wakati wa usafi. Tishu sina, na majani yapo ya kila aina lakini mimi mtoto wa Dar, sijui jani lipi ni jani na lipi ni upupu, na kwa eneo lile hubahatishi. Nikapapasa mfukoni. Karatasi mbili za A4, hazijalaminetiwa.

Nilisoma gramu 60 kwa saa kwa mara ya mwisho nikiwa nimechuchumaa.

Nimetoka pale mwepesi, lakini mweupe, nguvu hamna hata ya kufunga kamba ya kiatu. Jeli ukiiwaza tu koo linafunga. Nikajikokota mpaka nje ya msitu, kijiji cha kwanza kuna bibi kaweka sufuria kwenye mafiga, magimbi yanachemka, na birika la chai ya rangi. Nikakaa bila kukaribishwa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Mnakimbizwa na nani tangu asubuhi?"

"Hatukimbizwi bibi, ni mashindano. Tumelipa hela."

"Mmelipa ili mkimbie?"

"Eeh."

Akaniangalia kwa huruma ambayo sijaiona hata msibani. Akanipa gimbi la moto, chumvi kajiwekea kwenye kiganja ananinyunyizia kidogo kidogo, na kikombe cha chai ya tangawizi. Jamani lile gimbi. Lilikuwa kavu, linakwama, unasukuma na chai, halafu unasikia kabisa linashuka na kukaa mahali pake. Hii wala si maajabu, kule Afrika Kusini kwenye Comrades, mbio zilizoanza 1921, watu wanagawiwa viazi vya kuchemsha vya chumvi njiani na wanamaliza kilomita karibu 90. Kocha angepaona pale kwa bibi angetoa kikokotoo, mi nilitoa mia tano nikaongeza gimbi.

Bibi akauliza nilikula nini kabla. Nikamwonyesha jeli, akaonja tone kwenye kidole, akatema, akafuta ulimi na khanga. Mjukuu wake, dogo wa darasa la tatu hivi, yeye akaipenda, nikampa moja isiyo na kafeini. Nilivyonyanyuka kuondoka dogo kanifuata, amevaa kandambili, anafyonza jeli huku anakimbia, mlima wote ule kaniacha, anafika juu ananisubiri, nikifika anaondoka tena. Watu wa pembeni wanamshangilia yeye.

Nilimaliza. Niliingia Irente, pale mwisho wa mbio, kwa kutembea, mkononi nina kipande cha muwa nilichopewa na watoto wengine huko chini, nikapewa medali na soda, nikaenda kukaa pale kwenye miamba unaona tambarare lote la Mazinde chini huko, mabasi ya njia kuu madogo hata huyasikii. Simu ikapata mtandao. Kocha.

"Hongera sana! Jeli zimefanya kazi?"

"Zimefanya kazi kocha."

"Safi. Sasa nitumie picha ya ile ratiba, nataka kuona umejaza vipi."

Nikafikiria kidogo. Nikamwandikia: "Kocha, imejaa."