Muda unarudi nyuma, kodi hairudi

Jana usiku nimedhalilika ndani ya nyumba yangu mwenyewe, sawa, nyumba ya kupanga, lakini mlango naufunga mimi. Nimedhalilishwa na gemu. Tena sio la kupigana wala la mpira, gemu la watoto, lenye kimuziki cha kubembelezea na rangi kama za kashata, mpwa wangu kalifungua kwenye laptop yake akaniambia mjomba hili ni la kutuliza akili. Akili gani sasa, mwezi wa kodi huu?

Linaitwa The Gardens Between. Walilitengeneza jamaa wa Melbourne kule Australia, The Voxel Agents, likatoka 2018, na 2019 Apple wakalipa tuzo ya ubunifu, kwaiyo msije mkasema nimeangushwa na kigemu cha uchochoroni. Kuna watoto wawili majirani, binti anaitwa Arina na dogo anaitwa Frendt. Usiku mvua inanyesha wanatoroka kwao wanaenda kwenye kibanda chao juu ya mti (wangekuwa wa kwetu hadithi ingeishia hapo, na fimbo), mara paap, wako kwenye visiwa, na kila kisiwa kimejaa vitu walivyochezea, vikubwa kuliko wao, kochi kama kilima, TV, manyaya. Arina anabeba taa, Frendt anagusa vikengele vya kubadilisha mambo, mwanga unatakiwa ufike juu. Hakuna neno hata moja la kusoma. Nikasema basi, hii ni ya kumaliza kabla ya taarifa ya habari, mimi nimekuwa mhazini wa kamati tatu za harusi na chenji ikabaki.

Kumbe shughuli iko hapa: hao watoto huwaendeshi. Unaendesha muda. Ukibonyeza mbele muda unaenda na wao wanatembea njia yao wenyewe, ukibonyeza nyuma muda unarudi na wao wanarudi kinyumenyume. Basi. Huwezi kumwambia mtu pita kushoto.

Mwanangu Nuru, darasa la tatu, kapiga visiwa vitatu huku anamumunya ubuyu, vidole vyekundu kwenye laptop ya watu. Nikamwambia mwanangu pisha, baba akuonyeshe.

Dakika 40.

Kuna ukungu umeziba njia, unayeyuka taa ikiwaka. Sasa taa yenyewe imezimika, kuna sehemu zinakunyang'anya mwanga kama konda na chenji yako. Halafu kuna kijisanduku kinarukaruka, eti unakitwisha taa kikupitishie kwingine. Napeleka muda mbele, Arina yule kapita bila mwanga. Narudisha. Napeleka. Narudisha. Mke wangu katoka jikoni na mwiko kaja kusimama nyuma yangu. Mpwa kanyamaza kile kimya cha mtu anayejua jibu. Mama mkwe naye, ambaye alikuja kwa siku tatu na leo ni ya 19, na siku zote nikiwa mbele yake hata kukohoa naomba ruhusa, kasogeza mkeka wake.

"Baba Nuru, mwambie huyo binti aweke taa chini."

"Mama, haambiwi. Nasogeza muda tu."

"Muda anasogeza Mungu."

Nikajibu nini hapo? Nikainama, nikasogeza.

Hodi ikapigwa. Hodi ile mnaijua, ya mtu asiyengoja karibu. Mke wangu karudi jikoni kwa ncha za vidole, Nuru kaanza kusema baba hayupo, na mimi niko palepale mlango wazi, mwanga wa skrini usoni kama picha ya kitambulisho. Mwenye nyumba. Shikamoo mzee. Marahaba, sikai, nimepita tu kuhusu lile jambo letu. Nami kidole kikabonyeza mshale wa nyuma, naapa, nilibonyeza kwa imani kabisa, nikasubiri mzee atoke mlangoni kinyumenyume, ashuke ngazi, apande bodaboda yake irudi ilikotoka.

Akaja mbele. Akasema, "Huyo mtoto mbona anatembea kimgongomgongo?"

Yule aliyesema hakai kakaa. Kavua kofia. Kavaa miwani. Dakika tano mbele kashika laptop yeye, mimi nimesukumwa ukingoni mwa kochi langu, na mtu ambaye nilimuomba siku mbili, siku mbili tu, akaniambia mimi kwangu tarehe ni tarehe, sasa anapiga kelele rudisha nyuma, rudisha kidogo, hapo, hapo, ngoja kisanduku! Nikamwambia mzee kumbe kurudi nyuma unakujua. Hakusikia. Mama mkwe anamwambia gusa kengele kwanza, yeye anasema ahsante mama, na uji wa Nuru kanywa.

Kisanduku kikaruka, taa ikapokelewa, ukungu ukayeyuka, nyumba nzima tukashangilia, na Luku ikaisha.

Giza. Laptop nayo betri ilishakufa toka chuoni, inaishi kwa waya. Mzee kwenye giza, kwa hasira ya kweli kabisa: "Wewe mpangaji gani hununui umeme wa kutosha?" MIMI. Anayekunywa uji wangu, anayeshika zamu yangu, ndo anauliza! Hela ya umeme si ndo hiyo naikusanyia kodi yako, nimkatie nani nimpe nani? Niliyasema haya yote kwa sauti, ila baadaye, bafuni.

Ikabidi mpwa atusimulie mwisho gizani. Kumbe ule usiku ni wa mwisho kwao, mmoja wao anahama na familia yake, ndo maana wanapitia kumbukumbu zote. Kimya. Mama mkwe akasikika anavuta kamasi. Mwenye nyumba akauliza, "Na wanahama wamelipa?"

Kanipa mpaka kesho saa kumi na mbili asubuhi, na kasema tukinunua umeme tumpigie.

Mimi usingizi haukuja. Na mimi nilikuwa na jirani alihama. Tulikuwa tunatengeneza magari ya waya, matairi tunakata malapa (malapa ya nani, tuyaache). Siku hiyo fuso lilikuja alfajiri, likapakia kabati, godoro, jogoo kafungwa miguu, na yeye kakaa juu ya magunia ananipungia. Nikalikimbiza mpaka kwenye lami. Mama mpaka leo anahadithia watu jinsi nilivyolilia rafiki. Rafiki wapi! Yule mfukoni alikuwa na gololi zangu 17, na moja ilikuwa nyeupe kama maziwa, mtaa mzima hakuna mwenye nayo. Wewe uliyehamia Tabora unajijua, zingine kaa nazo, hiyo nyeupe nirudishie.