Faili lililofutwa: heri lirudi au lipotee moja kwa moja?

Kwa mafundi kompyuta wa Mwanga, hapa Kigoma, kazi inayotembea siku hizi ni kung'oa hadi diski (diski ya zamani yenye sahani zinazozunguka) ya laptopu ya mtumba na kuweka SSD, diski ya chipu isiyozunguka. Mashine iliyokuwa ikijikongoja inawaka chapuchapu, mteja anaondoka anacheka. Wachache huuliza diski ya zamani imebaki wapi. Imebaki kwenye droo ya fundi, ikingoja kuvishwa kasha la USB na kuuzwa, pengine kwa mwenye studio ya picha.

Ukifuta faili kwenye hadi diski, hata ukamwaga na kapu la taka, kinachobadilika ni maelezo yaliyo kwenye jedwali la mafaili. Ni kama mjumbe aliyefuta jina la kaya daftarini: nyumba ipo na watu wamo, ila kiwanja kimetangazwa kitupu. Faili linakufa pale data nyingine inapoandikwa juu yake. Fomati ya haraka, yaani kuiandaa diski upya kwa kubadili jedwali tu, nayo haigusi data. Fomati kamili ndiyo inayoandika sifuri diski nzima, na hilo kwa Windows limeanza na toleo la Vista.

Wanaoifurahia hali hii wana hoja nzito. Dada wa steshenari aliyefuta kimakosa mitihani ya shule nzima hana diski ya akiba, na bando la kupandisha mafaili mtandaoni kila jioni halimudu. Kwake, programu ya bure kama PhotoRec ya Christophe Grenier ndiyo bima pekee. Haina haja na jedwali. Inapekua diski kipande kwa kipande ikitafuta alama za mwanzo wa mafaili. Picha ya JPEG, kwa mfano, huanza na FF D8 FF. Kinachorudi hakipendezi: majina yamepotea, picha za harusi ya Ujiji zimechanganyika na vijipicha vya tovuti, kila moja ikiitwa f na msururu wa tarakimu. Faili lililokuwa limetawanyika diskini laweza kurudi bovu. Lakini aliyekuja analia hachagui. Wanaoharibu ni wale wanaopakua programu hiyo kwenye diski ileile, wakafunika kwa mikono yao walichokuja kuokoa. (Na fundi akitaka kufungua kwa bisibisi diski inayogonga-gonga, tena kwenye meza yenye vumbi, chukua diski yako uondoke.)

Sasa geuza upande. Mwaka 2003 Simson Garfinkel na Abhi Shelat, watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani, walichapisha matokeo ya kununua diski 158 zilizokwishatumika. Zilizofanya kazi zilikuwa 129, na zilizosafishwa ipasavyo 12 tu. Humo walikuta namba za kadi za mkopo zaidi ya 5,000. Kwetu, weka badala yake nakala za vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kuzaliwa na barua za maombi ya kazi. Hapa ndipo hoja ya uokoaji inaponipwaya: diski ya steshenari imebeba siri za watu ambao hawakuulizwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamdai anayekusanya taarifa azilinde, na kuuza diski kiholela si kuzilinda.

SSD imekata shauri kwa namna yake. Tangu Windows 7, mwaka 2009, mfumo huiambia SSD kwa amri ya TRIM kwamba sehemu fulani haitumiki tena, nayo hujisafisha yenyewe. Baada ya hapo programu za kurudisha hazioni kitu. Ni habari njema kwa mwenye siri, mbaya kwa yule dada wa mitihani. Fundi aliyembadilishia diski amempa kasi na kumnyang'anya bima kwa mkupuo mmoja, na sijasikia wengi wakimwambia mteja hivyo.

Kwangu, faili liendelee kurudishika maadamu diski iko mikononi mwa mwenyewe. Ikibadilisha mikono tu, ifutwe kwelikweli, na kwa hadi diski za sasa kuandika sifuri mara moja kunatosha. Mafundi wanalalamika kwamba diski ya GB 500 inaweza kula saa nzima au mbili, na umeme ukikatika katikati unaanza upya. Ni kweli. Basi waiweke kwenye bei, au wamkabidhi mteja diski yake ya zamani pamoja na laptopu.