Usikubali Laptopu Ifomatiwe kwa Sababu ya Wi-Fi

Mpwa wangu yuko mwaka wa tatu chuoni. Wiki mbili kabla ya kuwasilisha utafiti wake alinipigia simu saa sita mchana, na sauti ilinijulisha kuna jambo hata kabla hajamaliza shikamoo. Usiku aliiacha laptopu yake, yenye mfumo wa Linux, ikijisasisha kwa mtandao wa bweni. Asubuhi alipoiwasha, alama ya Wi-Fi haikuwepo. Mtandao haukuwa dhaifu, wala nywila haikukataliwa. Orodha nzima ya mitandao ilitoweka, kana kwamba mashine ile haijawahi kuwa na kadi ya Wi-Fi tangu itoke kiwandani.

Alikuwa ameshafika kwa fundi aliye karibu na geti la chuo. Fundi aliitazama kwa dakika mbili, akampa njia mbili: anunue kadi nyingine kwa kuwa hii imekufa, au apigiwe mfumo upya kwa shilingi 20,000. "Mjomba, amesema akifomati itarudi. Nimwambie afanye?"

Nilimwambia amshukuru, aichukue laptopu yake, aende akae mahali pa utulivu, kisha anipigie tena.

Nimekuwa nikishughulika na kompyuta za ndugu, majirani na wafanyakazi wenzangu kwa miaka mingi, na kama kuna jambo moja linaloniumiza ni hili la kufomati. Nimeona mtu akipoteza hesabu za duka za miaka mitatu. Nimeona mama akipoteza picha za mwisho za mumewe. Wote walifikishwa huko na draiva iliyogoma baada ya sasisho, yaani tatizo ambalo halikugusa hata faili moja kati ya zile walizozipoteza. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba kufomati hakuutibu ugonjwa wenyewe. Ngoja nieleze kwa nini, maana hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu yote.

Draiva ni mkalimani. Kadi ya Wi-Fi ina lugha yake na keneli, ule moyo wa mfumo, ina lugha yake. Kwenye Linux mkalimani huyu hutengenezwa kwa ajili ya keneli maalumu. Keneli ikibadilika, mkalimani wa zamani hapokelewi mlangoni, hata kama kilichobadilika ni maneno mawili tu. Waandishi wa keneli wameamua hivyo kwa makusudi: hawaahidi kwamba sehemu za ndani zitabaki vilevile, kwa sababu wanataka uhuru wa kuzirekebisha. Toleo jipya hutoka kila baada ya wiki tisa au kumi hivi. Draiva ambayo msimbo wake umo ndani ya keneli haipati shida, kwani anayebadilisha sehemu ya ndani analazimika kurekebisha pia draiva zote zinazoitegemea. Draiva iliyo nje haina mtu wa kuifanyia hivyo. Hiyo lazima ijengwe upya kila keneli inapobadilika.

Ipo zana ya kuijenga, inaitwa DKMS. Ilianzia kwa wahandisi wa Dell, na leo iko karibu kila mahali. Kazi yake ni kusubiri keneli mpya ifike, kisha kuijenga draiva ya nje upya bila kumsumbua mwenye mashine. Lakini haiwezi kujenga bila ramani, na ramani hiyo ni kifurushi kinachoitwa linux-headers cha keneli ileile. Kisipokuwepo, DKMS huacha kazi na sasisho linaendelea. Onyo likitokea, hutokea katikati ya mistari mia mbili ambayo hakuna anayeisoma, seuze aliyelala.

Sasa nirudi kwa mpwa wangu.

Swali la kwanza lilikuwa keneli gani inafanya kazi. Alifungua terminal, dirisha la kuandikia amri, akaandika `uname -r` na kunisomea namba, na ilikuwa namba mpya. Nikamwambia azime, awashe, abonyeze Esc mara tu nembo inapoonekana mpaka menyu ya GRUB, ile ya kuchagua cha kuwasha, itokee, aingie kwenye Advanced options, kisha achague keneli yenye namba ya zamani kuliko ile ya kwanza, si mstari wenye maneno recovery mode. Mifumo mingi ya Linux huitunza keneli ya zamani baada ya sasisho kwa ajili ya siku kama hiyo. Alichagua. Tukasubiri, mimi nikisikia feni ya laptopu kwenye simu.

"Mjomba, Wi-Fi imerudi."

Dakika nne. Kadi iliyotangazwa kufa ilikuwa nzima, na utafiti wake ulikuwa palepale ulipokuwa jana. Kama mtu hatakumbuka kingine katika maandishi haya, naomba akumbuke menyu hiyo. Ndiyo kipimo cha kwanza, hakigharimu chochote, na kinajibu swali ambalo fundi alilijibu kwa kukisia.

Baada ya hapo tulikuwa na nafasi ya kutafuta chanzo bila haraka. `dkms status` ilionyesha draiva imejengwa kwa keneli ya zamani peke yake. Kumbe aliyemwekea mfumo mwanzoni alipakua linux-headers za keneli moja tu, iliyokuwepo siku hiyo, badala ya kifurushi mama ambacho huzifuata keneli zote zinazokuja. Kwenye Debian na Ubuntu, ambazo ni aina mbili za Linux, kifurushi hicho ni linux-headers-amd64 na linux-headers-generic kwa mpangilio huo. Alikipakua, DKMS ikajenga, akawasha upya kwa keneli mpya, na mitandao ya bweni ikajipanga kwenye orodha kama kawaida.

Fikiria kama angekubali kufomati. Mfumo mpya usingekuwa na draiva ile hata kidogo, kwa kuwa haimo ndani ya keneli. Fundi angeiweka kwa mkono, pengine kwa mtindo uleule wa ramani ya keneli moja, Wi-Fi ingefanya kazi, na mpwa wangu angeondoka ameridhika. Baada ya wiki kadhaa keneli nyingine ingekuja na alama ingetoweka tena. Angerudi getini na shilingi nyingine 20,000, safari hii bila utafiti.

Wapo ambao keneli ya zamani imeshafutwa, kwa hiyo hawana pa kurudi, na hawana intaneti ya kupakua dawa. Hili ndilo linalowakatisha watu tamaa: dawa iko mtandaoni na mtandao ndio mgonjwa. Waya wa kuchajia simu unatosha. Chomeka simu ya Android kwenye laptopu, ingia kwenye mipangilio ya simu, washa kusambaza mtandao kupitia USB. Laptopu itaiona simu kama kadi ya mtandao wa waya, na draiva ya kazi hiyo karibu kila Linux inayo ndani yake. Wengi hawajui kwamba simu iliyounganishwa na Wi-Fi hupitisha Wi-Fi hiyohiyo kwenye waya, kwa hiyo bando lako halitaguswa. Hakikisha tu kwamba waya una uwezo wa kupitisha data, maana zipo za kuchaji pekee.

Kuna kisa kingine ambacho kimewahi kunikalisha usiku mzima kwenye mashine ya jirani. Draiva ilijengwa vizuri, lakini kila ilipoitwa ilijibu `Key was rejected by service`. Hiyo ni Secure Boot. Mashine ikiwa imewashwa ulinzi huo, keneli haipokei moduli, yaani kipande cha msimbo kama draiva, isiyo na sahihi ya kidijitali inayotambulika, na draiva uliyoijenga nyumbani ina sahihi ya nyumbani. Tiba yake ni kuisajili sahihi hiyo kwa `mokutil --import`, kujiwekea nywila ya muda, kisha kuwasha upya. Itatokea skrini ya buluu, nayo huwashtua watu wakadhani mashine imeharibika. Chagua Enroll MOK, andika nywila, endelea. Ukiipita skrini hiyo bila kuchagua, usajili haufanyiki na unaanza upya. Wengine huizima Secure Boot kabisa. Mimi siwashauri, kwani sahihi ukishaisajili inabaki.

Kwa wenye Windows nitasema kwa ufupi, kwa kuwa njia zake ni chache na zinaonekana. Fungua Device Manager, tazama Network adapters. Kama kadi ina alama ya pembetatu ya njano, ingia kwenye sifa zake, kwenye ukurasa wa Driver, bonyeza Roll Back Driver. Kitufe hicho kikiwa kimefifia, pakua draiva kutoka kwa aliyetengeneza laptopu, kwa kutumia waya uleule wa simu. Kama kadi haionekani kabisa, zima mashine, chomoa chaji, toa betri ikiwa inatoka, shikilia kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika, kisha washa. Zima pia Fast Startup, maana ikiwepo, kuzima kwako si kuzima kamili na kadi inaweza kuamka na hali iliyokwama tangu jana. Na kama ni toleo zima la Windows lililopandishwa, una siku 10 za kurudi nyuma kwenye mipangilio ya Recovery, faili zako zikiwa zimebaki.

Desemba 2023 sasisho la Windows 11 liliharibu Wi-Fi kwa baadhi ya watumiaji, hasa vyuoni na maofisini. Microsoft wenyewe walikiri, wakalirudisha nyuma badiliko lile kwa mbali. Aliyefomati wiki ile aliipata Windows safi ambayo ilikwenda kupakua sasisho lilelile.

Lazima niseme pia kuhusu watengenezaji wa chipu, kwa sababu mzigo wote huu unamwangukia mtumiaji na fundi wakati mzizi uko kwingine. Mwaka 2008 Atheros walitoa ath9k, draiva iliyo wazi kwa chipu zao za wakati ule, ikaingia kwenye keneli. Leo kadi hizo kongwe bado zinafanya kazi, na wenye nazo hawajui hata kwamba kuna tatizo la kujadiliwa. Broadcom nao walitoa draiva ya wazi mwaka 2010, lakini kwa baadhi tu ya chipu. Kwa nyingine nyingi walibakiza draiva inayoitwa wl, ambayo kiini chake kimefungwa. Toleo lake la mwisho, 6.30.223.271, ni la mwaka 2015. Tangu hapo ni watu wa Debian, Ubuntu, Arch na wengineo wanaoitia viraka kila keneli mpya inapoibomoa, na viraka hivyo vinazunguka ganda la nje peke yake kwa kuwa ndani hawaruhusiwi kuona. Nasema wazi kwamba hili si haki. Ukimuuzia mtu chipu ukamficha jinsi ya kuitumia, umeuza kitu chenye tarehe ya kufa isiyoandikwa kwenye boksi. Kwa sisi tunaotumia laptopu zilizokwisha kutumika Ulaya au Dubai, tarehe hiyo mara nyingi hutukuta sisi.

Na zitatukuta nyingi zaidi. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine zisizokidhi masharti ya Windows 11 ni zilezile zilizojaa kwenye maduka yetu. Wenye nazo wanahamia Linux, jambo ninaloliunga mkono kwa moyo wote. Ila namsihi kila anayehama aiwashe kwanza Linux kutoka kwenye flashi bila kuisakinisha, aandike `lspci -nn`, asome namba iliyo mwishoni mwa mstari wa kadi ya Wi-Fi. Ikianza na 8086 ni Intel, 168c ni Atheros, 10ec ni Realtek, 14c3 ni MediaTek, 14e4 ni Broadcom. Ukiijua mapema, utajua kama draiva yako inaishi ndani ya keneli au nje.

Mwezi uliopita nilipita chuoni, nikaenda kumsalimu fundi yule wa getini. Sikwenda kumlaumu. Ana foleni ya wateja tangu asubuhi, na kufomati kunampa saa moja yenye uhakika wa malipo. Nilimwonyesha menyu ya GRUB, nikamwonyesha `lspci -nnk` na mstari wa Kernel driver in use: ukiwepo, draiva imeshika, usipokuwepo lakini jina la kadi lipo, kadi nzima na draiva haipo.

Aliniuliza, "Na jina la kadi lisipoonekana kabisa, kaka?"

Alikuwa na laptopu ya namna hiyo mezani, yenye mwenyewe anayesubiri kwenye benchi. Tuliifungua pamoja. Kadi ilikuwa imelegea upande mmoja na meno yake yameingia weusi. Aliyasafisha kwa kifutio cha penseli, akairudisha, akakaza skrubu, akaunganisha betri. Tukaandika amri ile tena, na mstari wa kadi ukatokea, wa tatu kutoka chini, na draiva yake imeshika.