Kiungio Baridi Si Lazima Kiwe Kizima

Fundi anayekagua laini ya kilovolti 220 kwa kamera ya joto kwa kawaida hufanya kazi mchana, jua likiwaka. Kilele cha matumizi ya umeme kwetu Afrika Mashariki ni jioni, baada ya saa moja, majumbani taa na televisheni zikiwaka kwa pamoja. Viungio vya waya, yaani mahali ncha mbili za waya zinapoungwa, vinapigwa picha vikiwa na mzigo mdogo, kisha ripoti inaandikwa kwamba hakuna palipopata moto. Hapo naachana na wanaosema kamera inatosha, na kwamba kupima ukinzani wa kiungio, yaani jinsi kinavyozuia umeme kupita, laini ikiwa hai (umeme ukipita) ni kujitafutia balaa.

Tupige hesabu. Joto hufuata mraba wa mkondo. Kiungio kilichochoka, chenye ukinzani wa maikro-omu 200, kikipitisha ampia 600 hutoa wati 72. Mkondo ukiwa ampia 150, hutoa wati 4.5. Kiungio ni mrija mnene wa alumini unaopigwa na upepo huko juu; kwake wati nne na nusu ni kama hazipo. Na kama alumini bado inang'aa, kamera husoma zaidi mwangaza wa anga kuliko joto la chuma.

Kifaa cha kupima ukinzani huegeshwa kwenye waya kwa fimbo ndefu isiyopitisha umeme. Husoma mkondo, husoma volti zinazopotea kati ya ncha mbili za kiungio, kisha hugawanya. Kwa ampia 150 zilezile kitakuta milivolti 30. Kwa ampia 600, milivolti 120. Mkondo ukipungua mara nne, volti hupungua mara nne tu, ilhali joto limepungua mara 16. Kila nikifikiria nashangaa: kifaa kimekaa mahali penye volti 127,000 kutoka ardhini, kimetulia kama ndege juu ya waya, na kinahesabu milivolti.

Jibu linalinganishwa na waya wenyewe. Waya wa ACSR (alumini iliyozungushiwa kiini cha chuma) aina ya Drake una takriban maikro-omu 70 kwa mita, kwa hiyo kiungio cha sentimita 60 kilichobanwa vizuri hakitakiwi kufika hata 45. Ukinzani wake ukizidi wa waya wa urefu huohuo, utando wa oksidi, yaani kutu ya alumini, umeshaingia ndani, pengine kwa sababu siku ya kuunga waya haukusuguliwa kwa brashi wala kupakwa grisi yake.

Wanaopinga hawasemi ovyo. Kamera humaliza kilomita nyingi kwa siku. Fimbo hugusa kiungio kimoja kimoja, na vingi viko katikati ya minara, ambako bila helikopta au gari lenye kikapu hufiki. Hydro-Québec ya Kanada ilitengeneza roboti, LineScout, inayotembea juu ya laini hai. Sisi wengi wetu hatuna hata kikosi kilichofundishwa kazi hiyo. Fimbo lazima ipimwe mara kwa mara, kazi isimame mvua ikinyesha, na kiungio kilichooza kinaweza kuachia kikiguswa. Mwenye uwezo wa kuzima laini, kuiunganisha na ardhi na kupima kwa utulivu, na azime. Lakini ikiwa laini ni hiyo moja tu inayolisha mkoa, kibali cha kuzima kinaweza kusubiriwa mwaka mzima.

Kwa hiyo kamera ipite kote, na fimbo iende kwa viungio vichache: vya jampa (vipande vya waya vinavyounganisha laini ya pande mbili za mnara) kwenye minara ya kona, ambavyo fundi anavifikia akiwa mnarani; viungio vilivyowekwa kwa haraka baada ya waya kukatika; na vile vilivyo juu ya barabara na reli. Kwa kikosi kinachoanza, orodha ya viungio arobaini inatosha kwa msimu mmoja wa kiangazi.

Chukua laini mbili zinazokwenda sambamba, kila moja ikibeba ampia 300 saa mbili usiku. Moja ikianguka, ya pili inabeba 600 papo hapo. Kiungio kilichopigwa picha mchana kikiwa na wati 4.5 sasa kina 72, na hakuna mtu aliye chini yake na kamera.