Debian inapoikataa pip

Tangu Debian 12, toleo la mfumo endeshi wa Linux, itoke Juni 2023, ukiandika "pip install" (amri ya kusakinisha maktaba za lugha ya programu ya Python) moja kwa moja kwenye mfumo unakataliwa: unaambiwa Python hii ina msimamizi mwingine, na unaelekezwa utumie venv, yaani folda iliyotengwa kwa maktaba za mradi mmoja. Ubuntu, mfumo uliojengwa juu ya Debian, nayo imefuata kanuni hiyo, iliyoandikwa kwenye waraka wa Python unaoitwa PEP 668. Naona katazo lina haki, ila limetandazwa mno.

Mgongano wenyewe uko hivi. apt, kisakinishi cha Debian yenyewe, huweka maktaba za Python ndani ya /usr/lib/python3/dist-packages. pip ikiendeshwa kwa sudo (mamlaka ya msimamizi) huweka zake chini ya /usr/local, na Python hutafuta huko kwanza. Ukisakinisha urllib3 mpya kwa ajili ya mradi wako, programu za mfumo zinazoitegemea maktaba hiyo nazo zitaichukua mpya, ilhali zilijaribiwa na ya zamani. Zikigoma, apt itaendelea kusema kila kitu kiko sawa, kwa kuwa haina habari na kazi ya pip. Hapo msimamizi wa seva anaweza kukesha akitafuta kosa mahali lisipokuwepo. Kwa seva inayotegemewa na watu, sioni hoja ya kutetea hali hiyo.

Hata hivyo, wanaolalamika hawalalamiki bure. Katazo linazuia hata pip yenye chaguo la "--user", inayoandika kwenye folda ya mtumiaji mmoja tu. Linazuia pia ndani ya kontena (mazingira yaliyotengwa na mfumo mkuu) lenye programu moja, ambalo likiharibika linatupwa na kujengwa upya. Ndiyo maana watu wamezoea kubandika kila mahali "--break-system-packages" ("vunja pakeji za mfumo"), chaguo la kulipita katazo. Jina lililokusudiwa kutisha sasa linanakiliwa bila kusomwa.

Kuhusu gharama za venv, hoja kwamba inamaliza bando kwa kupakua maktaba zilezile kila mara haina nguvu sana, kwani pip hutunza ilichokwisha kupakua. Hoja ya nafasi ya diski ni ya kweli: kila venv hubeba nakala yake, na maktaba kama PyTorch ni nzito.

Kinachoniudhi zaidi ni anayoyapata mwanafunzi. Anaambiwa atengeneze venv, anatii, kisha amri inakwama kwa sababu Debian imeitenga python3-venv kuwa pakeji ya kusakinishwa kando. Ukimfungia mtu mlango mmoja na kumwelekeza mwingine, huo wa pili uwe wazi. python3-venv ingepaswa kuja pamoja na python3-pip.